Mgeni na Kikombe cha Kale

Katika nyumba nyingi za pwani ya Afrika ya Mashariki kuna kabati lisilofunguliwa ila siku chache za mwaka. Ndani yake mna vikombe vya kauri vilivyonunuliwa na bibi aliyekwisha kufa, buli lenye ufa, mrashi wa fedha, sinia la shaba, na pengine sahani moja iliyobaki katika sahani kumi na mbili. Siku ya Idi hufika, au siku ya harusi. Mkate wa mayai umekwisha kuiva, harufu ya iliki imeenea ukumbini, na sauti ya hodi imesikika mlangoni. Mwenye nyumba husimama mbele ya kabati, ufunguo mkononi, na katika kitambo hicho kifupi hulazimika kujibu swali kubwa kuliko kabati lenyewe. Je, kitu chenye thamani hutunzwa kwa kufichwa au kwa kutumiwa?

Hekima ya Kiswahili yenyewe imegawanyika juu ya jambo hili. Upande mmoja husema akiba haiozi. Upande wa pili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali ya kwanza humfundisha mtu kuweka. Ya pili humfundisha kufungua. Zote mbili ni kweli, wala moja haikutungwa ili iiue nyingine. Walakini mbele ya kabati haziwezi kufuatwa pamoja kwa wakati mmoja. Ama kikombe kitoke, ama kibaki.

Kabla ya hukumu kutolewa, yafaa vitu vyenyewe vijulikane asili yake. Nyumba za mawe za Lamu na Pate zilizojengwa katika karne ya 18 zilikuwa na chumba cha ndani kilichopambwa kwa zidaka, yaani vishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu katika chokaa ya ukuta. Humo viliwekwa vyombo vya kauri, na baadhi yake vilikuwa vimevuka bahari kutoka Uchina. Nyumba hizo zilipangwa kwa daraja. Mgeni asiyezoeleka aliishia dakani, penye baraza za mawe karibu na mlango. Aliyekuwa karibu zaidi na moyo wa wenyeji alipita mbele zaidi. Hivyo kuviona vyombo vya ndani hakukuwa jambo la macho tu. Kulikuwa ni cheo ambacho mwenyeji alimpa mgeni wake, nacho kilisema bila ya maneno: wewe ni wetu.

Huko Unguja, karne ya 19 iliongeza vitu vyake: saa za ukutani, vioo vikubwa, taa za Ulaya, na masanduku ya njumu. Neno moja lakumbukwa kwa nadra juu ya vitu hivi. Vilipoletwa havikuwa vya kale. Vilikuwa bidhaa mpya za jahazi na meli, zilizonunuliwa kwa bei na kubishaniwa sokoni. Vimekuwa vya kale kwa kuwa watu walivikalia, walivinywea, walitazama saa kwavyo, na walivifuta vumbi kila Ijumaa. Kikombe kilichokaa miaka 100 katika kasha la dukani ni bidhaa iliyochelewa kuuzwa. Kikombe kilichonywewa kwa miaka 100 ni sehemu ya ukoo. Thamani ambayo mwenye kabati huogopa kuipoteza kwa matumizi ilizaliwa na matumizi hayo hayo.

Sasa na utazamwe mkate, kwa sababu mkate nao una hoja yake. Mkate wa mayai hauna hamira. Mayai na sukari hupigwa kwa muda mrefu mpaka yaumuke, yageuke rangi na kuwa mazito kama povu. Kisha unga uliochungwa huingizwa kidogo kidogo, kwa mkono mwepesi, pamoja na iliki. Kinachouinua ni hewa iliyonaswa katika mayai na kutanuka kwa joto. Mkono ukiwa na pupa, hewa hutoroka na mkate hulala. Katika jiko la zamani sufuria hutiwa moto juu na chini: makaa katika seredani, na makaa mengine juu ya kifuniko. Mpishi hawezi kwenda zake. Hukaa karibu, hupunguza makaa huku, huongeza kule, na hujizuia kufunua kabla ya wakati, maana mkate ambao haujashika ukiguswa na baridi hubonyea katikati. Mkate wa kumimina, ndugu yake, hudai subira ya namna nyingine. Mchele hulowekwa usiku kucha, husagwa kwa tui la nazi, hutiwa hamira, sukari na iliki, kisha huachwa uumuke kwa hiari yake.

Kazi hii yote hufanywa kwa ajili ya kitu kitakachokwisha kabla ya jua kuchwa. Hakuna mpishi anayeoka mkate wa Idi ili auweke kabatini. Mkate unaobaki mzima jioni haumfurahishi aliyeuoka; humhuzunisha, kwa kuwa ni ushahidi kuwa watu hawakuja. Sahani tupu ndiyo sifa yake. Basi, katika meza moja hukutana vitu viwili vya tabia mbalimbali: mkate uliofanywa ili uishe, na kikombe kilichofanywa ili kidumu. Watu hushangaa kwa nini mwenye nyumba aliye mkarimu kwa mkate huwa bahili kwa kikombe. Sababu ni kwamba mkate huoka tena wiki ijayo, na bibi hafufuki ili anunue kikombe kingine. Hofu hiyo si upumbavu. Yastahili kusikilizwa.

Ichukuliwe mfano. Mama mmoja ana vikombe sita vya nyanya yake. Siku ya Idi wamekuja jamaa na majirani, na miongoni mwao yuko bibi arusi kijana, mgeni katika mtaa, aliyeolewa majuzi. Anapokea kikombe kwa mikono miwili kwa adabu, lakini kimejaa na ni cha moto, kinamponyoka, nacho kinapasuka juu ya sakafu. Ukumbi unanyamaza. Kijana anasema, “Shangazi, nisamehe, nimekivunja.”

Hapa pana njia mbili. Mama aweza kusema si kitu kwa mdomo huku macho yake yamebaki sakafuni, akiokota vipande kimoja kimoja kama aokotaye mifupa. Kijana ataona. Atakunywa maji badala ya chai, ataaga mapema, na mwaka ujao atapata udhuru wa kutokuja. Siku hiyo vitakuwa vimevunjika viwili, na cha pili hakina gundi. Au mama aweza kusema, “Si neno, mwanangu. Kimekukata?” Kisha aushike mkono wa kijana, autazame, na ndipo afuate ufagio. Vikombe vitabaki vitano. Lakini mtaa utakuwa umepata mtu, na kijana huyo akifikia umri wa kuwa na kabati lake mwenyewe atakuwa na habari ya kusimulia ambayo kikombe kizima hakingempa.

Msimamizi wa akiba ana jibu lake, nalo ni zito. Husema kwamba kikombe hakikuwa cha mama peke yake. Kilikuwa amana. Nyanya alikiacha kwa watoto na wajukuu, na wajukuu ambao hawajazaliwa wana haki yao. Je, ni ukarimu kutoa mali ya mtu asiyekuwapo? Mtu akigawa cha wengine, sifa ya utoaji si yake.

Hoja hii ina kweli, na mpaka wake wapasa kuonyeshwa. Kuna vitu ambavyo ni kumbukumbu ya watu wote, wala haviwezi kurudi vikipotea. Siwa ya pembe ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu zilipulizwa zamani katika sherehe kubwa. Leo zimo katika hifadhi ya makumbusho ya Lamu, na hakuna mwenye akili anayelaumu kwamba hazipulizwi katika kila harusi. Kadhalika, huko huko Lamu, nyumba moja ya karne ya 18 imetengenezwa na kuwekwa iwe makumbusho, ili watu waone jinsi wazee walivyoishi. Ni kazi njema. Lakini mtu akiingia humo hakosi kuhisi pengo. Vitanda vipo na havilaliwi. Jiko lipo na halina moshi. Hakuna asemaye karibu kwa maana yake ya kweli. Makumbusho huhifadhi vyombo. Ukarimu ambao vyombo vilifanyiwa hauwezi kuwekwa katika kioo, maana huishi katika mikono ya watu tu.

Hilo ndilo jibu kwa mwenye kutaja amana. Nyanya hakuacha udongo uliochomwa peke yake. Aliacha vile vile namna ya kufungua mlango, namna ya kukata mkate ili mgeni apate kipande cha kwanza, na namna ya kuuliza habari za nyumbani kabla ya kuuliza shida. Mjukuu akirithi vikombe sita na asirithi hayo, amepunjwa. Akirithi vikombe vitano pamoja na hayo, amana imefika. Mlinzi wa amana anayekitunza chombo na kuisahau kazi ya chombo amelinda ganda na kuacha kiini kioze.

Wako wengine wanaoshambulia kabati kwa upande wa pili. Husema kwamba vyombo vya kale havitolewi kwa upendo bali kwa majivuno. Kwamba mgeni huitwa ili ashuhudie mali, na mkate huokwa uwe mrefu ili jirani aone wake mfupi. Shutuma hii nayo haikosi mifano. Pwani, kama kwingineko, watu wamejitia katika madeni kwa ajili ya sherehe ya siku moja, na keki za orofa tatu zimekatwa katika harusi za watu ambao kesho yake walikopa unga. Lakini kipimo si kigumu kupatikana. Na atazamwe mgeni anayepewa kikombe cha kale. Akiwa ni tajiri na mwenye cheo peke yake, kikombe kile ni tangazo la biashara. Akiwa ni pamoja na mchukuzi aliyeleta mizigo, mjane wa nyumba ya nyuma, na bibi arusi mwenye mikono ya kutetemeka, basi ni karamu. Nyumba njema si mlango, na kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mwenye mkate wa kumimina na vikombe vya bati anaweza kumshinda kwa ukarimu mwenye kauri ya Uchina, ikiwa bati lile ndilo bora alilo nalo.

Mgeni naye ana deni. Kikombe kikitolewa, yeye amefanywa mlinzi wa amana kwa muda wa kunywa. Apasiwa kukishika kwa mikono ya mtu aliyeaminiwa, asikitie bei mbele ya wenziwe, wala asiulize kilinunuliwa kwa kiasi gani. Ukarimu usiojibiwa kwa uangalifu huchoka, na kabati lililofunguliwa kwa furaha hufungwa kwa uchungu.

Mwanzoni mwa karne ya 19 Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, na katika utenzi huo alionyesha majumba ya fahari ya Pate yaliyokuwa magofu, mahali pa vyombo pamekuwa makao ya ndege. Karibu na wakati wa leo, Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883 na kuja kutumiwa kama makumbusho, ilibomoka sehemu yake Desemba 2020. Zidaka huanguka na majumba huanguka. Haifuati kwamba kutunza ni bure. Yafuata kwamba kufunga kabati hakumpi mtu usalama anaoutafuta, bali humnyima karamu aliyokuwa nayo mkononi. Kikombe kitavunjika siku moja, kabatini au mezani. Mwenye nyumba hana hiari juu ya mwisho huo. Hiari yake ni kuchagua kama, siku hiyo ikifika, kitakuwa kimewahi kunywewa na rafiki.

Hodi imepigwa mara ya pili. Mkate unapoa.