Maiti tumemzika, na haki zake je?

 

Ndugu msomaji, sisi Waislamu wa mjini tuna jambo moja ambalo hata majirani zetu wasiokuwa Waislamu hutusifia. Mtu wetu akifa alfajiri, adhuhuri anaswaliwa, na alasiri inapoadhiniwa watu wamesharudi kutoka makaburini. Kuharakisha mazishi ni sunna na hakuna wa kuipinga. Swali langu linahusu kinachofuata. Tukishamuosha, kumkafini, kumswalia na kumzika, wengi wetu tunahesabu kuwa faradhi imekwisha, na kilichobaki ni dua na hitima kwa wale wanaosoma hitima (mjadala wa hitima tuuache kwa leo). Je, kwenda ofisi ya wilaya kuandikisha kifo cha marehemu, au kwenda kulitafuta jina lake kwenye madaftari baada ya miaka mingi, ni katika kutimiza haki za maiti? Au ni pilikapilika za dunia za watu wenye tamaa ya mirathi?

Nauliza kwa sababu jibu hili la pili ndilo linalotembea mitaani. Miaka michache iliyopita mama mmoja anayehudhuria darsa ya akina mama aliniomba nimsindikize kutafuta cheti cha kifo cha mumewe. Mume alikuwa amefariki zaidi ya miaka ishirini nyuma na kuacha watoto wadogo na nyumba ya vyumba vya kupangisha. Kodi ya vyumba ilikuwa ikipokelewa na mdogo wa marehemu, ambaye siku za mwanzo alimletea mjane kitu kidogo kila mwezi, kisha kikawa cha Idd hadi Idd, kisha kikakoma. Mama alipotaja habari ya cheti aliambiwa, “Shemeji, cheti cha nini tena? Kaka tumemzika mchana kweupe, mji mzima unajua. Au umeona dua hazimfai?” Wazee waliokuwapo wakatikisa vichwa kumuunga mkono shemeji. Mjane akaonekana ndiye anayemsumbua maiti kaburini.

Hebu tuitazame hoja hiyo kwa mizani ya fiqhi, maana inavaa kanzu ya dini. Wanazuoni wetu wametaja haki zinazofungamana na mali ya maiti kwa mpango: gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia, kisha ndipo warithi wagawiwe. Na katika masharti ya kurithiana wamesema ni lazima kifo cha mwenye mali kithibiti, na ithibiti kwamba mrithi alikuwa hai wakati kifo kile kinatokea. Sharti hili si la serikali. Limo katika vitabu vya faraidh tunavyosomesha madrasa. Ndiyo maana mafakihi walijadili kwa urefu mas-ala ya mtu aliyepotea: mke wake asubiri mpaka lini, na mali yake ikae mpaka lini. Imam Malik anajulikana kwa kauli ya mke kungoja miaka minne kisha akae eda. Imam Shafi katika kauli yake ya mwisho alitaka kifo chenyewe kithibiti. Hawakuwa watu wa kusema “mji mzima unajua” wakagawa mali.

Msomaji atasema, mbona katika madhehebu yetu ya Shafi kifo huthibiti pia kwa istifadha, yaani habari iliyoenea kwa watu wengi hata haina shaka? Ni kweli kabisa. Lakini istifadha inahitaji watu waliokaa pamoja. Kariakoo au Magomeni ya wazee wetu, mtu akizaliwa, akioa na akifa mtaa ule ule, majirani walikuwa daftari lililo hai. Leo nyumba moja ina wapangaji sita wanaobadilika kila mwaka. Watoto wa marehemu mmoja wapo Mbagala, mwingine Bunju, mwingine Muscat. Waliobeba jeneza nao wamekufa. Istifadha ya mji wa namna hiyo utaitafuta wapi, kama si katika maandishi? Kwa mtazamo wangu, lile daftari la wilaya ndilo lililobaki likifanya kazi ambayo zamani ilifanywa na baraza la mbele ya nyumba.

Wala maandishi hayakuja kwetu na wakoloni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur’an (2:282) ni ya kuamrisha deni liandikwe, dogo au kubwa, na watu wasichoke kuandika. Na kuhusu vifo hasa, Ibn Khallikan, aliyefariki mwaka 1282 na aliyekuwa kadhi wa Damascus katika madhehebu ya Shafi, alitunga kamusi yake mashuhuri ya wasifu wa watu na kuipa jina linalotokana na vifo vyao, akishughulikia sana kuthibitisha tarehe walizokufa. Kabla yake wanazuoni wa hadith walitumia tarehe za vifo kuwanasa waongo. Mtu akidai amesikia hadith kwa sheikh fulani, huulizwa alizaliwa lini, kisha hutazamwa sheikh yule alikufa lini. Tarehe ya kifo ililinda maneno ya Mtume (s.a.w). Leo tunaona uzito kuitumia kulinda chumba na sebule ya yatima.

Turudi kwa yule mama, maana kutafuta kwenyewe kuna elimu. Karani alikuwa mstaarabu. Aliuliza mambo matatu tu: jina kamili la marehemu, mahali alipofia na tarehe. Familia ilikuwa imeandika 1997, kwa kuwa kila mtu alikumbuka kwamba alifariki Ramadhani, kumi la pili, mwaka wa mvua za El Nino, na kwa watu wengi El Nino ni 1997. Madaftari ya 1997 yakafunuliwa, jina hakuna. Lakini Ramadhani ya wakati wa mvua zile ilianza karibu na siku ya mwisho ya Desemba 1997, na ikaisha mwishoni mwa Januari 1998. Kumi lake la pili haliwezi kuangukia 1997. Nikamwomba karani atazame Januari 1998.

Wazee wetu wanahesabu kwa mifungo, na usiku kwao unatangulia mchana. Aliyefariki Alhamisi baada ya Isha, nyumbani watasema alikufa usiku wa Ijumaa, na hospitali itaandika Alhamisi. Wote wamesema kweli, ila anayekwenda kutafuta bila kujua tofauti hiyo atarudi mikono mitupu.

Halafu kuna majina. Yule marehemu mtaani aliitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, kazini kwa jina la babu yake, na aliyetaja jina hospitali ni mpwa aliyempeleka usiku. Mohamed, Muhammad, Mohammed: sisi tunasikia jina moja, daftari linaona watu watatu. Tulimkuta katika ukurasa wa pili wa Januari, kwa jina ambalo mjane mwenyewe alilisoma mara mbili ndipo akalitambua. Kifo kilikuwa kimeandikwa miaka yote ile. Hakuna aliyekwenda kuchukua cheti.

Na bila cheti kile hakuna linalokwenda. Katika Tanzania Bara, Mahakama ya Mwanzo ndiyo wengi wetu tunayoiendea kuomba msimamizi wa mirathi, na hukitaka cheti cha kifo. Benki haitoi fedha za marehemu bila msimamizi. Mifuko ya hifadhi ya jamii nayo hivyo hivyo. Sasa fikiri: Mtume (s.a.w) aliwahi kusita kumswalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada alipojitwika deni lile. Nasi tuna marehemu anayedaiwa dukani, fedha za kumlipia zipo benki kwa jina lake, na zimekaa huko mwaka wa tano kwa sababu warithi wameona aibu kwenda wilayani. Hapo anayemsumbua maiti ni nani, aliyefuata cheti au aliyezuia kisifuatwe?

Ipo hoja moja ya upinzani ninayoiheshimu. Cheti hutaja sababu ya kifo, na zipo familia ambazo, hasa katika miaka ya 1990 ukimwi ulipokuwa ukitajwa kwa kunong’ona, hazikutaka ndugu yao aandikwe popote. Dini yetu imehimiza kusitiri. Muosha maiti akiona lisilopendeza hufunga kinywa. Lakini tazama vizuri: muosha hafumbi macho. Anaona, anajua, anafanya kazi yake, na ulimi wake ndio anaouzuia. Karani wa vifo yupo katika nafasi ile ile, na akiitangaza siri ya daftari amefanya khiyana kama muosha anayesimulia kijiweni. Sitara inatudai tuwe na makarani waaminifu. Haitudai mjane akose thumni yake, au robo kama marehemu hakuacha mtoto.

Nisieleweke kwamba karatasi ni tohara. Tumeona ndugu mmoja akiwahi kimya kimya, akachukua cheti, akajifanya msimamizi peke yake na kuuza kiwanja kabla arubaini haijafika. Huyo hakushindwa na ofisi, ameshindwa na Suratun-Nisaa, ambamo wanaokula mali ya yatima kwa dhulma wameambiwa wanakula moto matumboni mwao (4:10). Ndiyo maana kufuatilia cheti kusiachiwe mtu mmoja. Liwe jambo la familia, na mjane awemo.

Njia yenyewe si ngumu kama inavyosimuliwa. Aliyefia hospitali, chukueni karatasi ya hospitali kabla ya kumchukua maiti. Aliyefia nyumbani, taarifa iende kwa mtendaji wa eneo. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura 108, inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30, na usajili wa Bara hufanyika chini ya RITA katika ofisi za wilaya, na siku hizi maombi hupokelewa kwa intaneti pia. Muda ukipita mlango haufungwi, ila vielelezo vinaongezeka. Zanzibar wana wakala wao.

Na misikiti? Pale makaburini msemaji wa familia husimama na kutangaza: anayemdai marehemu amwone fulani. Ni desturi njema. Kwa nini imamu asitaje palepale na jina la atakayekwenda wilayani? Na kila msikiti ukaweka daftari lake: jina la marehemu kama lilivyo kwenye kitambulisho, jina aliloitwa mtaani, tarehe ya Kiislamu na ya kawaida, saa, mahali, majina ya wake zake na watoto wake walio hai siku ile. Daftari la kurasa mia mbili linauzwa duka lolote la vifaa vya shule, na kalamu tunazo.