Kukitunza Kilichotubeba

Jumamosi asubuhi, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikiwa bado wazi kabla mawingu hayajaifunika, mlio wa nyundo ndogo husikika katika mtaa wetu wa Rau, Moshi. Hugonga mara tatu nne, hunyamaza, kisha huanza tena hatua moja mbele. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, huwa amelala chali juu ya gunia chini ya Land Rover yake 109 ya miaka ya 1970, akigonga chasisi kutoka nyuma kuja mbele huku sikio amelisogeza karibu kabisa na chuma. Chuma kizima hujibu kwa mlio mkali unaokwenda mbali. Kilicholiwa na kutu hujibu kwa sauti butu, kama debe lililojaa pumba. Akiisikia sauti hiyo hutia alama ya chaki, hutoka chini, hujifuta mikono na kuirudia chai yake. Alama itamsubiri fundi wa kuchomelea, hata ikiwa ni baada ya mwezi.

Mpita njia anaweza kujiuliza mzee huyu anatafuta nini, maana bodi ya gari lile haina hata doa moja la kutu. Jibu limo katika asili yake. Land Rover ya kwanza ilipooneshwa kwa umma mwaka 1948, Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa kipimo baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Maurice Wilks na wenzake wa kampuni ya Rover wakaivisha bodi ya aluminiamu, ambayo haishiki kutu kama chuma. Chasisi ikabaki ya chuma, boksi refu lenye uwazi ndani. Tope na maji yakipenya humo na kukaa, kutu huanza kula kutokea ndani, na kwa muda mrefu nje hakuonekani kitu. Gari linaweza kung'aa mbele za watu huku mifupa yake inaoza. Anayelitunza kwa macho peke yake atadanganyika, na ndiyo maana mwalimu hulitunza kwa sikio.

Nimemtazama kwa miaka mingi, na kila mara narudi nyumbani na swali lilelile. Mtu anapolishughulikia kwa mapenzi gari kuukuu ambalo maisha yake hayalitegemei tena, anatuonesha nini juu ya nafsi yake?

Zamani maisha yalilitegemea. Magari ya namna hii yalipandishwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro na haja tupu. Wakulima wa kahawa walikuwa wameungana chini ya chama chao cha ushirika, KNCU, tangu mwaka 1933, na kahawa haikuwa na budi kushuka Moshi mjini, mvua inyeshe isinyeshe. Masika yakikolea, udongo mwekundu wa Uru, Kibosho na Old Moshi huteleza kama sabuni iliyolowa. Gari la kawaida liliishia bondeni. Lenye kuvuta kwa magurudumu manne ndilo lililoendelea. Lilipandisha mabati na mbolea, likashusha wagonjwa na wajawazito usiku wa manane. Mchagga hupenda kuzikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo wao, hata akifia mbali namna gani, na majeneza mengi yamefika migombani yakiwa ndani ya Land Rover, waombolezaji wakiisukuma kwa mabega palipoteleza. Gari la mwalimu limefanya yote hayo. Wapo watu wazima hapa mtaani ambao mama zao walipelekwa kanisani nalo wakiwa mabibi harusi.

Kisha ikaja miaka ya dhiki. Baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 petroli ilikuwa adimu, na spea zilikuwa adimu zaidi. Wazee wanazikumbuka pia zile Jumapili ambazo gari binafsi halikuruhusiwa barabarani baada ya saa nane mchana. Magari mengi yaliwekwa juu ya mawe, matairi yakavuliwa, kuku wakataga kwenye viti. Yaliyopona yaliponywa na mafundi: gasketi ikakatwa kwa mkono kutoka kwenye karatasi ngumu, bushi ikachongwa kutoka kwenye tairi chakavu, waya mmoja ukaunganishwa mara kumi. Leo mambo ni mengine. Barabara nyingi za mlimani zina lami, Noah zinapanda na kushuka kutwa, bodaboda inakufikisha mpaka mlangoni. Mwalimu mwenyewe huenda mjini kwa bajaji. Huko Solihull, Uingereza, gari la mwisho la ukoo ule wa Land Rover lilitoka kiwandani Januari 2016. Haja imeondoka, na gari lingali pale chini ya mwembe.

Waswahili walikwisha sema kipya kinyemi ingawa kidonda, na hatuna haja ya kujitetea mbele ya methali hiyo. Sote tunaijua furaha ya kitu kipya, ile harufu ya plastiki ambayo bado haijatoka. Kukitunza kitu tunachokihitaji nako hakuna fumbo, kwa kuwa mkulima hunoa jembe lake akijua kesho atalima. Kinachofaa kutafakariwa ni ule mkono unaoendelea kupaka grisi hata baada ya faida kuisha. Mkono huo haulipwi, na hakuna anayeukagua. Nadhani unachofanya ni kulipa deni la shukrani, kama tunavyoendelea kumwamkia kwa adabu mwalimu aliyetufundisha kusoma, ingawa kusoma tumekwisha kujua.

Mwalimu hayuko peke yake katika mapenzi haya. Oktoba 2024 Arusha ilifurika mamia ya Land Rover zilizokuja kwa tamasha lao, mpya kwa kuukuu, zikaunda msafara mrefu ambao watoto walisimama kando ya barabara kuutazama kama gwaride. Nairobi ina mashindano yake ya Concours d'Elegance tangu miaka ya 1970, yaliyoanzishwa na klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo, ambako watu huleta magari na pikipiki walizozing'arisha mpaka kwenye kona ambazo mkono haufiki kirahisi. Tangu mwaka 2003 magari ya zamani yamekuwa na mbio zao, East African Safari Classic, zinazofuata nyayo za yale mashindano ya magari ya Safari yaliyoanza mwaka 1953. Wapo wanaoilea Volkswagen kobe iliyokuwa ya marehemu baba. Wapo wasioweza kuiuza Peugeot 404, kwa sababu walikuwa watoto wakati Bert Shankland, dereva wa kutoka Dar es Salaam, alipoibuka mshindi wa Safari akiwa na gari la aina hiyo mwaka 1966, na tena mwaka 1967.

Furaha ya siku kama hizo ni halali, na waliovumilia wanaistahili. Hata hivyo siku ya tamasha ni moja, na Jumamosi ni nyingi. Utunzaji wenyewe hufanyika pasipo na mtazamaji, kwa kazi ndogo ambazo hakuna atakayezisifia. Chukua mfano wa platini, vile vipande viwili vya chuma ndani ya distributa vinavyogusana na kuachana kila mara ili plagi ipate cheche. Nafasi kati yake haifiki nusu milimita. Ikipungua kidogo injini hukosa nguvu. Ikizidi kidogo hukohoa. Nimemwona mwalimu akivisugua kwa msasa laini, akapitisha kibati cha kupimia, akakaza skrubu, akapima tena, akailegeza, akaanza upya. Ilimchukua karibu saa nzima. Gari la kisasa haliombi saa hiyo. Likiugua, huunganishwa na mashine, mashine husoma namba, na kifaa kizima hutolewa na kuwekwa kingine. Ni jambo jema, limetuokolea muda. Lakini muda huo ulipookolewa, je, ule uvumilivu uliokuwa ukijengeka ndani yake ulikwenda wapi?

Sitaki nisifie upande mmoja. Gari kuukuu linakunywa petroli na linatoa moshi, na nchi ina sababu zake za kumtoza ushuru zaidi anayeingiza gari lenye umri wa miaka minane na kuendelea. Kwa familia nyingi za hapa Rau, bei ya kabureta moja ni chakula cha wiki kadhaa. Burudani ya mtu haina budi kujua mipaka yake, na niliwahi kumuuliza mwalimu juu ya hilo nilipopita kumsalimu. "Shikamoo mwalimu," nikamwambia, "hivi gari hili halikufilisi?" Akaitikia marahaba, akafikiri kidogo. "Mwanangu," akasema, "gari hili halijawahi kula karo ya mtoto. Mwaka wa karo, lilikaa." Hakuongeza neno. Nikaelewa kwamba kulikuwa na miaka mizima ambayo lilikaa chini ya mwembe, likisubiri kwa sababu watoto hawasubiri.

Hatari ninayoiogopa zaidi ni nyingine, na haihusu fedha. Kitu hakina kinyongo, hakijibu, na kikitengenezwa kinapona. Binadamu hawako hivyo. Kwa hiyo ni rahisi mtu akakimbilia kwenye kitu kwa sababu watu wamemshinda. Tunawajua wanaoweza kusikia bushi iliyolegea gari lingali mbali barabarani, lakini hawajui mama yao anakohoa tangu lini. Mtu wa namna hiyo akifika kijijini Desemba, kama ilivyo desturi ya wengi wetu, gari lake huoshwa kila asubuhi, naye mzazi hupewa salamu ya haraka na kilo mbili za sukari. Sikio lililojifunza kusikiliza chuma limeishia kwenye chuma. Mapenzi ya namna hiyo tuyaite utunzaji, au yatafutiwe jina jingine?

Katika mlima huu kutunza hakukuwa burudani ya mtu mmoja. Mababu walichimba mifongo, ile mifereji inayoshusha maji kutoka mlimani hadi kwenye vihamba, na hakuna mfongo uliodumu kwa sababu tu ulichimbwa vizuri. Ulidumu kwa sababu kila mwaka watu walitoka na majembe kuuzibua, kuondoa majani na mawe, kuziba palipobomoka, na asiyefika alitozwa faini. Waliouzibua hawakuwa wameuchimba. Waliupokea, wakautumia, wakaupitisha kwa wengine ukiwa hai. Mahali ambapo watu waliacha kutoka, mfongo umebaki alama tu ardhini, na mgeni hawezi kujua kama maji yaliwahi kupita hapo. Nikimtazama mwalimu chini ya gari lake, naona kwamba amechukua desturi ya mababu zake akaitumia kwenye kitu kilichotoka ng'ambo. Gari lile liliundwa Uingereza, lakini namna linavyotunzwa ni ya Uchagani.

Kuna jambo moja zaidi, nalo nililiona mwezi uliopita. Mjukuu wake alikuwa likizo, mvulana wa miaka kumi na miwili. Babu alikuwa anamfundisha kuwasha injini kwa hendeli, ile fimbo ya chuma inayopenyezwa kwenye tundu la bampa ya mbele. "Gumba liweke upande mmoja na vidole, baba," akamwambia, "usilikunje kuzunguka. Injini ikirudisha nyuma italivunja." Mtoto akavishika vidole vyake, akavihesabu kama anayejifunza sala. Baadaye wote wawili wakaingia chini ya gari, magunia mawili yamepangwa kando kwa kando. Nilikuwa nimesimama kwenye uzio na niliisikia nyundo ikianza safari yake ya kawaida kutoka nyuma kuja mbele.

Ikapita sehemu fulani karibu na gurudumu la kushoto, ikaendelea. Mtoto akasema, "Babu, rudi hapo. Hapo palilia vibaya." Nyundo ikarudi, ikagonga mara moja, ikagonga tena. Kukawa kimya kirefu. Mzee hakusikia tofauti. Nikakumbuka jinsi ambavyo siku hizi humwomba kila mtu arudie alichosema, na jinsi ambavyo sisi majirani tumezoea kupaza sauti bila kujiuliza sababu. Kwa muda gani alikuwa ameipita sehemu ile, Jumamosi baada ya Jumamosi, akiamini kwamba chuma ni kizima?

Hakubisha. Mkono wake wenye grisi ulitoka chini ya gari, ukapapasa kwenye kopo lililokuwa kando ya gurudumu, ukachukua chaki. Kisha ukarudi ndani, nami nikamsikia akisema, "Haya, weka alama wewe."