Umeungama kwa Padri. Na Mkeo Je?

Tuchukue mfano wa mume aliyekunywa karo ya watoto. Kwaresima inapofika anakwenda kuungama, anaondolewa dhambi, anarudi nyumbani amechangamka. Mkewe akiuliza habari za karo, anajibiwa: "Mama watoto, Mungu amenisamehe. Wewe ni nani usinisamehe?" Je, mume huyu ana haki?

Tusikosee: ondoleo alilopewa ni la kweli. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 1459, inafundisha kwamba ondoleo hufuta dhambi, ila haliondoi madhara yote yaliyoletwa na dhambi hiyo. Aliyeiba hana budi kurudisha alichoiba. Aliyemchafulia mwenzake jina hana budi kulisafisha. Baba ameungama, na mtoto bado yuko nyumbani, amefukuzwa shule.

Basi, mume, usifanye Kitubio kuwa risiti ya kumnyamazisha mkeo. Msamaha huombwa, haudaiwi. Nawe mke, Kristo anakualika usamehe, wala si mara saba tu. Lakini kusamehe si lazima kuwe kumkabidhi mkoba wa fedha siku hiyo hiyo. Uaminifu uliovunjika hujengwa polepole.

Kabla ya Alhamisi Kuu, ketini pamoja watoto wakishalala. Aliyekosa, awe mume au mke, alitaje kosa lake waziwazi, bila kujitetea. Kisha pangeni jinsi ya kulipa karo. Hapo Pasaka itakuwa imeingia nyumbani mwenu pia.