Kabla ya kuagana, rudisheni jina la mwenzenu

  

Ndugu msomaji, kila unapokaribia mwezi Mei, ambapo vijana wetu wa kidato cha sita hufanya mtihani wa taifa, wazazi na walimu hupata mialiko ya mahafali. Utaratibu wake tunaujua. Husomwa Qur'an, hufuata qaswida, kisha risala ya wahitimu, nasaha za mgeni rasmi, vyeti, pilau na picha. Risala nazo zinafanana. Vijana hueleza walivyoanza wakiswali chini ya mwembe mpaka wakapata chumba, hutaja darsa zao na futari ya pamoja, hulalamikia upungufu wa misahafu na ukosefu wa mwalimu wa dini, kisha huomba dua.

Nilihudhuria mahafali ya namna hiyo katika shule moja ya bweni ambayo jina lake nalihifadhi. Risala ilipokwisha na mshereheshaji akawa anajiandaa kumkaribisha mgeni rasmi, kijana mmoja miongoni mwa wahitimu alinyoosha mkono. Hakuwemo kwenye ratiba. Akasema, "Ustadh, risala yetu imeacha jambo moja."

Akaeleza kwamba walipokuwa kidato cha tano zilipotea shilingi elfu ishirini kutoka kwenye tranka la mwenzao. Siku hiyo mwanafunzi mmoja tu alibaki bwenini kwa sababu ya homa, naye alikuwa mtoto wa watu wasio na kitu. Hakuna aliyemwona akichukua, na hakuna aliyempeleka kwa mwalimu. Ila tangu siku ile akipita watu walifunga matranka yao, na akiingia msikitini watu walisogeza kandambili zao. Muhula uliofuata hakurudi. Ikasemwa amehamia shule ya kutwa karibu na kwao.

"Zile fedha nilizichukua mimi," kijana akasema, kisha akakaa.

Ukumbi ulinyamaza. Mzee aliyekaa pembeni yangu akaninong'oneza: "Kajifedhehesha bure huyu. Mwenyezi Mungu alikwisha kumsitiri."

Ndugu zangu, maneno ya mzee yule yana asili katika dini. Mtume (s.a.w) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba umma wake wote ni wa kusamehewa isipokuwa wanaodhihirisha maovu, na miongoni mwao ni mtu aliyesitiriwa na Mola wake usiku, naye kukipambazuka akatangaza aliyoyafanya. Dhambi iliyo baina yako na Mola wako itubie kwa siri.

Lakini dhambi ya kijana huyu haikuwa baina yake na Mola wake tu. Palikuwa na mtu wa tatu aliyeubeba mzigo usiokuwa wake. Wanazuoni, akiwemo Imam Nawawi katika Riyadhus Swalihin, wameeleza kuwa toba ina masharti matatu: kuacha dhambi, kuijutia na kuazimia kutoirudia. Kosa likihusu haki ya mwanadamu linaongezeka sharti la nne, nalo ni kumrudishia mwenye haki haki yake. Kama ni mali irudishwe mali. Na kama ni jina lililochafuliwa mbele ya darasa zima, je, litasafishwa kwa istighfari ya chumbani?

Tuitazame Suratun Nisaa, kuanzia aya ya 105 mpaka ya 112. Wafasiri wanaeleza kuwa aya hizi zilishuka kuhusu wizi uliotokea Madina. Mwizi alitoka katika ukoo wa watu waliojihesabu kuwa Waislamu, na tuhuma ikatupwa kwa mtu asiye na hatia; katika baadhi ya riwaya kilichoibwa ni deraya na aliyesingiziwa alikuwa Myahudi. Jamaa za mwizi walikuja kumtetea ndugu yao. Qur'an ikashuka ikimsafisha asiye na hatia, na katika aya ya 112 ikabainisha kwamba anayefanya kosa kisha akamtupia asiyehusika, amejitwisha uzushi na dhambi iliyo wazi. Ikiwa Mola ameteremsha wahyi kulinda jina la mtu mmoja, sisi ni nani hata tulione jambo hilo ni dogo?

Tumkumbuke na Nabii Yusuf (a.s). Alipoitwa na mfalme atoke gerezani hakukimbilia mlango. Katika aya ya 50 ya sura yake tunasoma kuwa alimrudisha mjumbe, akataka kwanza iulizwe habari ya wale wanawake waliokata mikono yao. Alitaka atoke akiwa safi mbele za watu. Aliyewahi kusingiziwa anajua kwamba lipo gereza ambalo mtu hutembea nalo hata akiwa barabarani.

Sasa nisemeni na darasa lenyewe. Ni rahisi kumnyooshea kidole kijana mmoja aliyeiba. Je, wale waliofunga matranka? Wale waliosogeza kandambili? Hao hawakuchukua hata senti moja, lakini walihukumu bila ushahidi, nao walikuwa watu wa swala na darsa. Suratul Hujurat, katika aya ya 12, inatuamrisha tujiepushe na dhana nyingi, kwani baadhi ya dhana ni dhambi. Na kwa nini dhana ilimwangukia yule na si mwingine? Kwa sababu alikuwa na homa, na kwa sababu alikuwa maskini. Hapo ndipo pa kutuumiza sisi sote, kwani majumbani na maofisini mwetu kikipotea kitu macho yetu huanza kwa dada wa kazi na mlinzi.

Mtume (s.a.w) aliwaeleza maswahaba zake kuwa mufilisi wa umma wake ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, funga na zaka, hali ya kuwa amemtukana huyu, amemsingizia yule na amekula mali ya mwingine. Watagawiwa mema yake mpaka yaishe, kisha atwikwe makosa yao. Hadithi hii ameipokea Imam Muslim. Risala inaweza kujaa mema na mwenyewe akawa mufilisi.

Siku ile mgeni rasmi aliikunja hotuba yake. Aliuliza swali moja tu: "Nani ana namba ya simu ya yule kijana?" Wahitimu wakatazamana. Kila mmoja alikuwa na namba za wenzake wote kwa ajili ya kundi lao la simu, lakini ya yule hakuna aliyekuwa nayo. Ikabidi mwalimu akatafute namba ya mzazi wake ofisini. Fedha zililipwa palepale, kwani mwenyewe alikuwemo ukumbini. Hilo ndilo lilikuwa jepesi. Baada ya Adhuhuri aliyeiba, aliyeibiwa na amiri wao waliondoka na mwalimu kwenda kwao.

Alichowajibu yule kijana si haki yangu kukieleza. Aliyedhulumiwa ana hiari yake: Suratush Shura, aya ya 40, imemwachia haki yake, na imemuahidi malipo kwa Mola wake akisamehe na kusuluhisha. Msamaha si deni tunalomdai.

Enyi wahitimu, baada ya mtihani mtatawanyika. Wapo watakaokwenda JKT, wapo watakaokwenda vyuoni na wapo watakaorudi dukani kwa baba. Kabla hamjaagana, kaeni muulizane: nani tulimwonea? Nani hayupo kwenye picha hii, na kwa nini? Mtume (s.a.w) amemhimiza aliyemdhulumu nduguye katika heshima yake au kitu chochote ajikomboe leo, kabla ya siku isiyokuwa na dinari wala dirhamu. Leo nauli ya kumfuata ipo na simu ipo.

Mwenyezi Mungu (s.w) awafaulisheni vijana wetu katika mtihani wa karatasi na katika huu mkubwa zaidi. Wabillahi tawfiq.