Neno "Buruse" na Aya ya Deni



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Bugeshi, kule juu ambako mashamba ya viazi yanafika karibu na mpaka wa Kongo pale Kabuhanga. Kijana wa jirani, aliyemaliza mwaka wa sita wa sekondari, alikuja na karatasi mkononi. "Kaka, nimepata buruse." Mama yake alikuwa ameshachinja kuku, na majirani wameshaambiwa kwamba serikali itamsomesha bure. Karatasi zenyewe zilikuwa za mkataba, lugha nzito ya kisheria, na mwisho nafasi ya sahihi. Akaniuliza afanyeje. Nikamwambia, "Weka sahihi tu, wote wanaweka." Nikaendelea na chai yangu.

Usiku nikakosa raha. Neno buruse tumelirithi kutoka Kifaransa, na masikioni mwa wazee wetu maana yake ni msaada. Lakini kwa wanafunzi wengi wa chuo kikuu cha umma hapa Rwanda fedha hiyo ni mkopo, unaosimamiwa na Benki ya Maendeleo, BRD, na anayeipokea anaahidi kuirudisha. Watanzania wameliweka jambo hilo mlangoni kabisa: taasisi yao inaitwa Bodi ya Mikopo. Mtoto wa Kigoma akiisikia tu, anajua atadaiwa. Wa kwetu anasikia buruse, anashukuru.

Je, nilimdhulumu? Sikusema uongo hata neno moja. Nilinyamaza tu.

Sisi tunaosoma dini tunaijua aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko zote katika Qur'an, na tunapenda kuitaja tukizungumzia mashahidi na kuandikiana. Tuangalie jambo moja ambalo mimi mwenyewe nililipita mara nyingi: anayeamrishwa kuutamkia mwandishi deni ni yule atakayedaiwa, wala si mwenye mali. Mdaiwa ndiye aseme kwa kinywa chake anachukua nini na atarudisha nini. Na akiwa dhaifu au hawezi kuyasema, basi msimamizi wake amsemee kwa uadilifu. Kijana wa miaka kumi na tisa, wa kwanza kwao kufika chuo, akiwekewa mbele maneno asiyoyaelewa, ni nani msimamizi wake? Baba yake analima viazi. Pale nyumbani aliyeyaelewa maneno yale nilikuwa mimi.

Mwenzangu wa chumbani alinipinga. Alisema ukiwatajia watoto wa wakulima neno deni, watakimbia chuo. Hoja hiyo si ndogo. Bugeshi watu wanajua maana ya kukopa mbegu halafu viazi vikaoza. Lakini kukopa si haramu, Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikopa na kuweka rehani deraya yake. Kilicho kizito kwetu ni riba, na hapo ndipo hoja ya mwenzangu inaponishinda kuikubali. Anayedhani amepewa zawadi hawezi hata kuuliza kama kuna nyongeza juu yake. Tumemnyima swali ambalo dini yake inamtaka aulize, kisha tunasema tumemhurumia.

(Si buruse peke yake. Kuna kukubaliwa chuoni kwa masharti, ambako nafasi si yako mpaka vyeti vihakikiwe. Kuna anayeahirisha mwaka akidhani nafasi inamngoja, kumbe alitakiwa kuomba ruhusa kwa maandishi.)

Asubuhi nikarudi kwao. Nilimwomba ausome mkataba kifungu kwa kifungu, kisha amweleze mama yake kwa Kinyarwanda, bila mimi kumsaidia. Mambo matatu yalimshinda: malipo yanaanza lini, kiasi gani kinaongezeka, na asipopata kazi inakuwaje. Tukayaandika kwenye daftari ili akayaulize mjini Gisenyi kabla ya kutia sahihi. Mama alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Kwa hiyo kuku tulimchinjia deni?" Nikamwambia mwanawe amefaulu mtihani, na kuku alikuwa wa hilo. Alicheka kidogo, akalichukua daftari na kulikagua kama yale maswali matatu yameandikwa yote.