Birika Linalochelewa

Kama chai iko mezani, tuwafikirie Waingereza waliohamia Marekani na watoto wao. Kwa kuwa lugha ni moja, utadhani wamehamia mtaa wa pili. Asubuhi ya kwanza tu, birika la umeme linawaumbua. Kwao umeme ni volti 230, na birika huvuta hadi wati 3,000. Marekani soketi ya kawaida ni volti 120, birika huishia kwenye wati 1,500 hivi. Maji yaleyale, muda maradufu. Jirani Mmarekani anachemsha kikombe chake ndani ya maikrowevu, na Mwingereza anageuza uso. (Sisi wa chai ya sufuria tunyamaze.)

Watoto nao wana msiba wao. Pipi ya zambarau, ambayo Uingereza ina ladha ya blackcurrant, tunda la kinywaji cha Ribena, Marekani ni zabibu. Tunda lenyewe wengi huko hawalijui. Mwanzoni mwa karne ya 20 lilipigwa marufuku kulimwa, kwa sababu mmea wake hubeba ukungu unaoua misonobari, na mbao zilikuwa pesa. Katazo la kitaifa liliondoka 1966. Jimbo la New York likangoja hadi 2003.

Basi bibi akija kutembea kutoka Uingereza, sanduku lake lina chupa za Ribena zilizoviringishwa kwa soksi. Simcheki: nani kati yetu hajamfungia ndugu wa ughaibuni dagaa? Ila akifika, huenda akakuta wajukuu wanadai mkate wa siagi ya karanga na jemu ya zabibu.