Mwandishi na Uhuru Wake

Wazazi wengi wakikuta kitabu cha hadithi mkononi mwa mtoto, na ndani yake mmeandikwa habari za ulevi, uzinzi na mauti, huuliza mara moja: Ni nani aliyempa mwandishi huyu ruhusa ya kuandika mambo kama haya? Swali hilo si la upuuzi. Mzazi ana watoto wa kulinda, na kuwalinda ni wajibu aliopewa na Mungu. Lakini yafaa tulijibu kwa kupima, wala si kwa hasira.

Tutwae mfano ulio karibu nasi. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyesoma katika Seminari ya Nyegezi, alitoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika. Asili ya jina hilo ni Litania ya Bikira Maria. Ndani yake twasoma habari za msichana Rosa, binti wa Zakaria, baba mlevi na mkali. Siku moja Zakaria aliona barua ambayo mvulana alimwandikia bintiye. Akampiga vibaya sana. Tangu hapo Rosa akawaogopa wavulana, wala baba hakumfundisha neno lolote la kumfaa juu yao. Alipokwenda shule ya bweni, mbali na fimbo ya nyumbani, akaanguka, akazidi kuanguka. Na baadhi ya wakubwa waliopaswa kumlinda wakawa miongoni mwa waliomharibu. Mwisho wake alijiua.

Serikali ya Tanzania ilikataza kitabu hicho kisitumike madarasani. Baadaye kikakubaliwa, kikasomeshwa katika shule za sekondari za Tanzania na Kenya. Rosa wa siku ya kukatazwa na Rosa wa siku ya kukubaliwa ni yule yule. Waliobadilika ni wasomaji.

Hatusemi kwamba waliokikataza walikuwa na nia mbaya. Lakini tazameni jambo hili: walikitendea kitabu kama Zakaria alivyomtendea Rosa. Baba huyo alidhani kwamba neno lisilotajwa nyumbani halitamfikia mtoto. Likamfikia, nalo likamkuta hana silaha. Wahenga walisema, Mficha maradhi kifo humuumbua. Kezilahabi hakuileta dhambi shuleni. Aliikuta huko, akaitaja. Je, tumkasirikie aliyepiga mbiu, tumwache mwizi aende zake?

Pengine mtu atasema: Kutaja dhambi ni kuwakwaza wadogo. Basi na tufungue Maandiko Matakatifu. Kitabu cha pili cha Samweli chaeleza waziwazi jinsi mfalme Daudi alivyomtwaa mke wa Uria, kisha akamwua mumewe kwa hila. Hatujapata kusikia Mkristo akisema kwamba kitabu hicho chafundisha uzinzi. Tena, nabii Nathani alipotumwa kumkemea mfalme, hakuanza na hotuba. Alimsimulia hadithi ya tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja. Daudi akamkasirikia tajiri yule, kisha akaambiwa kwamba mtu huyo ni yeye mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi ya hadithi: humpitisha mtu mlango ambao asingekubali kuupita kwa kuamriwa.

Daudi alitubu. Si wakubwa wote hutenda hivyo. Mwaka 1977, huko Kamĩrĩĩthũ karibu na Limuru, wakulima na wafanyakazi waliigiza mchezo wa Ngaahika Ndeenda, uliotungwa kwa Kikuyu na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Serikali ya Kenya iliuzuia mchezo huo, na siku ya mwisho ya mwaka ule Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa hadi Desemba 1978. Mwaka ule ule wa 1977 alikuwa ametoa riwaya ya Kiingereza, nayo yalaumu wakubwa kwa ukali. Hakukamatwa ilipotolewa. Alikamatwa alipokwisha kusema kwa lugha ambayo mkulima wa Limuru aliielewa. Ni wazi kwamba kilichoogopwa si ubaya wa maneno, bali ni wingi wa watu watakaoyaelewa.

Kanisa nalo kwa karne nyingi lilikuwa na orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Mwaka 1966 orodha hiyo iliondolewa nguvu ya sheria, na kazi ya kupima ikaachiwa zaidi dhamiri ya mwamini iliyofunzwa vema. Mzigo haukuondolewa, umehamishwa kutoka orodha kwenda moyoni mwa mtu, na kwa hiyo umekuwa mzito zaidi.

Hata hivyo mwandishi naye ana hesabu ya kutoa. Uhuru wake ni uhuru wa shahidi: aseme aliyoyaona bila kutishwa, lakini asiseme uwongo. Anayeipamba dhambi ili auze kitabu, akaficha mshahara wake, huyo ni shahidi wa uwongo. Lakini dawa yake si polisi. Dawa yake ni msomaji mwenye akili, mhakiki mkweli, na mwandishi mwingine atakayeandika vizuri zaidi. Mahali ambapo mwongo anyamazishwa kwa pingu, msema kweli hufuata muda si mrefu.

Basi, wazazi, kazi hii ni yenu kabla ya kuwa ya serikali. Si kila kitabu kinafaa kila umri. Mtoto wa miaka 9 hahitaji kusoma habari za Rosa. Lakini binti anayefunga sanduku kwenda shule ya bweni azihitaji, tena azihitaji kwenu. Someni kwanza ninyi wenyewe. Kisha mpeni, mkae naye, mmwulize: Rosa alikosa wapi? Na baba yake je? Swali hilo la pili litawachoma kidogo. Msilikwepe. Zakaria naye alimpenda bintiye. Lililokosekana ni mazungumzo.